Mkono Unaofichwa Ndani ya Shuka

Mkulima wa Gitting, chini ya Mlima Hanang, hana mtaji upitao viganja vyake viwili. Sugu za jembe hatuzionei haya, maana ni ushahidi wa kazi. Lakini wako wenzetu, wachache mno, waliozaliwa na ugonjwa wa ngozi nene. Viganja na nyayo zao huwa ngumu kama gome la mti, hupasuka, hutoka damu na kunuka. Mtu wa namna hiyo huuficha mkono wake ndani ya shuka, kwa kuwa majirani wamekwisha kusema ni ukoma, au ni laana ya ukoo.

Si ukoma, wala si laana. Ni hitilafu ya urithi, na haiambukizi hata kwa kula sahani moja. Jambo hili si geni: mwaka 1826 daktari Luca Stulli aliandika habari za watu wa kisiwa cha Mljet, ambacho leo kimo katika Kroatia, waliokuwa wakirithishana ngozi ya namna hii.

Wagonjwa wengi husaidiwa na marhamu ya kulainisha ngozi. Lakini katika baadhi ya aina zake hutokea pete ya ngozi ngumu kuzunguka kidole, nayo hukaza mwaka hadi mwaka, mpaka damu isipite. Hapo ndipo kisu kinapotakiwa. Daktari wa upasuaji akimpata mgonjwa mapema, huikata pete ile na kuishona ngozi kwa mkato wa kupindapinda, ili isikaze tena. Kiganja kikizidi ubaya, huiondoa ngozi nene yote na kupandikiza ngozi ya paja. Urithi haubadiliki kwa kisu, na mtoto aweza kuzaliwa nao. Hata hivyo mkono waweza kurudi kushika mpini. Mgonjwa akichelewa, kazi iliyobaki ni kukikata kidole.

Waganga wapo. Haydom, katika Mbulu, pana hospitali tangu 1955. Na Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo tangu 1992 chuo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha waganga wa nchi nyingi za Afrika. Kilicho mbali ni nauli, tena nauli ya watu wawili, kwani mwenye mikono ile huenda asiweze hata kufunga kifungo chake. Mashina yanayochangia harusi kila mwezi hayashindwi na nauli hiyo. Naye mganga wa zahanati, kabla hajatoa mafuta kwa mara ya tano, avikunjue vidole vya mgonjwa avitazame kimoja kimoja. Akiiona pete, aandike barua ya rufaa siku hiyo hiyo.