Mama Hujifungua, Hazalishwi

Kiswahili kina vitenzi viwili vya tukio moja, na baina ya viwili hivyo pana umbali wa mbingu na ardhi. Mwanamke akipata mtoto, twasema amejifungua. Kitenzi hicho kimebeba kiambishi -ji-, nacho chatuambia kwamba mtenda na mtendwa ni mtu yule yule: mama ndiye afunguaye, naye ndiye afunguliwaye. Lakini pita katika wodi zetu za wazazi usikilize, na hutakosa kusikia kitenzi cha pili: mama "amezalishwa". Hapo mnyambuliko umegeuka. Mtenda ni muuguzi au daktari, na mama amekuwa kitu cha kutendewa. Mimi si mkunga. Kazi yangu ni kufundisha isimu. Hata hivyo, nadai kwamba tofauti ya vitenzi hivi ndiyo tofauti ya huduma mbili, na kwamba anayetaka kuirekebisha hali ya wodi zetu aanze na lugha inayosemwa humo.

Kwanza tumpe haki anayestahili haki. Tarehe 1 Juni 2013 serikali ilitangaza kwamba akina mama hawatatozwa ada ya kujifungua katika hospitali za umma. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 61 ya watoto walizaliwa katika vituo vya afya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 82. Hayo si maendeleo ya kubezwa. Lakini kufika hospitalini ni jambo moja, na kupokewa ni jambo jingine. Uchunguzi uliofanywa katika vituo 13 nchini chini ya mradi ulioitwa, kwa jina la kufaa sana, Heshima, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2015, ulibaini kwamba mama mmoja kati ya watano alisema alidhalilishwa kwa namna fulani alipokuwa akijifungua. Na mnamo Machi 2018 Mahakama Kuu ya Bungoma iliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 mwanamke aliyejifungua sakafuni hospitalini mwaka 2013, kisha akapigwa na kukemewa na wauguzi. Mahakama ilisema waziwazi kwamba haki zake za kikatiba zilivunjwa.

Basi tuje kwetu Nakuru. Hospitali kuu ya mji huu, ambayo wengi wetu tungali tunaiita PGH, huwapokea akina mama kutoka Molo, Njoro, Subukia, Kuresoi na Naivasha, na hata kutoka kaunti jirani. Katika chumba kimoja yumkini ukamkuta Mkikuyu wa Bahati, Mkipsigis wa Kuresoi, Mwogiek wa Mariashoni, Mturkana, Mluhya, Mkisii na Mmaasai. Wote hudhaniwa kwamba wanajua Kiswahili. Na ni kweli, wanakijua. Lakini Kiswahili kipi? Kiswahili cha kuuzia viazi kando ya barabara si Kiswahili cha kuelezea mwili. Muuguzi akiuliza, "Je, chupa imepasuka?" yeye anauliza kuhusu maji ya uzazi. Mama aliyejifunzia Kiswahili sokoni anaweza kudhani kwamba anaulizwa kuhusu chupa ya chai aliyokuja nayo, na ajibu "la" ilhali maji yalianza kumtoka tangu usiku. Jibu hilo la neno moja laweza kumgharimu mtoto uhai. Kwa hivyo, ninapozungumzia lugha, sizungumzii mapambo.

Kuna na swala la njia za kusemea. Amri kavu, "Panda! Lala! Sukuma!", ni sarufi sahihi, lakini ni sarufi ya kumwamuru mtoto mtukutu. Kiswahili kina njia ya adabu: "Panda hapa, mama, sasa ulale ubavu, uchungu ukija usukume." Nafasi inayoongezeka ni ya pumzi moja tu. Vivyo hivyo, wauguzi wawili wanapojadiliana kwa Kiingereza juu ya kichwa cha mama aliyelala, huku mama akitafuta maana katika nyuso zao, wamemtoa chumbani bila kumfungulia mlango.

Fauka ya hayo, mama haji peke yake. Nyuma yake yuko mume, mama mkwe, shangazi, na nyuma ya hao yako majina yanayongojea mwenyewe. Miongoni mwa Wakalenjin, jina la mtoto hutokana na saa na hali ya kuzaliwa kwake. Kibet au Chebet alizaliwa mchana. Kiplagat au Chelagat, giza lilipoingia. Kiprop au Cherop, mvua ikinyesha. Kiptoo au Cheptoo, wageni walipokuwapo. Hata hospitali yenyewe imepata jina: Kipchumba na Chepchumba ni majina waliyopewa watoto waliozaliwa kwa Wazungu, yaani hospitalini. (Asije msomaji akadhani ni "chumba" cha Kiswahili.) Tazama basi: familia ilikwisha kuipokea hospitali katika lugha yake. Je, hospitali imeipokea familia? Zamani ajuza aliyekuwapo ndiye aliyesema mtoto alizaliwa saa ngapi na mvua ilikuwa imeanza au la. Leo shahidi wa pekee ni muuguzi. Akiiandika saa kwenye kadi kisha asimwambie nyanya anayengoja nje, ameyaficha maarifa ambayo ukoo mzima unayahitaji.

Kwa Wakikuyu, desturi ilikuwa kumpokea mtoto kwa vigelegele, vitano akiwa wa kiume na vitatu akiwa wa kike, na kondo la nyuma kuwekwa katika shamba lisilolimwa, kama alivyoeleza Jomo Kenyatta katika kitabu chake cha mwaka 1938. Leo wako wasiojali kondo hilo linakwenda wapi, na wako wanaojali sana. Atawajuaje muuguzi bila kuuliza? Swali moja, "Kwenu mna desturi gani?", latosha.

Najua nitajibiwa kwamba si kila desturi ni njema. Naafiki. Ukeketaji ulipigwa marufuku na sheria ya mwaka 2011, na hakuna hoja ya utamaduni itakayouhalalisha. Lakini mwanamke aliyekwisha kukeketwa akiwa msichana, akifika leba na kovu lake, hakuja kushtakiwa. Kumwita mwenzako aje aone, au kuguna, ni kumjeruhi mara ya pili. Kadhalika, mila ya kungoja idhini ya mume wakati damu inamwagika haifai kusubiriwa. Kuuheshimu utamaduni si kukubali kila kilichomo. Ni kumjua mtu kabla ya kumwambia kwamba hili haliwezekani, na kumwambia kwa lugha anayoielewa.

Nitajibiwa pia kwamba wauguzi ni wachache na wamechoka. Hilo nalo ni kweli. Malipo ya kujifungua yalipoondolewa, akina mama waliongezeka. Wahudumu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mwaka 2017 wauguzi wa umma waligoma kwa takriban miezi mitano, na hawakugoma kwa kupenda mgomo. Anayedhalilishwa na mwajiri wake ni vigumu kumheshimu anayemhudumia. Kwa hivyo serikali ya kaunti isidhani kwamba makala haya yanamtwika muuguzi lawama yote.

Hata hivyo, dawa nyingine haihitaji bajeti kubwa. Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2018, linapendekeza kwamba kila mama aruhusiwe kuwa na mtu amtakaye kando yake wakati wa uchungu, na azungumziwe kwa lugha nyepesi inayokubalika kwake. Madeleine Leininger, muuguzi na mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefariki mwaka 2012, alijenga taaluma nzima juu ya wazo kwamba huwezi kumuuguza vyema mtu ambaye huujui utamaduni wake. Nasi Katiba yetu ya mwaka 2010 yatuambia, katika Kifungu cha 28, kwamba kila mtu ana utu wa kuheshimiwa. Katika Kifungu cha 43, kwamba ana haki ya huduma bora za afya, zikiwamo za uzazi. Na katika Kifungu cha 7, kwamba dola itakuza na kulinda wingi wa lugha za Wakenya.

Sasa nawageukia walimu na wanafunzi. Muuguzi hufunzwa kwa Kiingereza, hutahiniwa kwa Kiingereza, kisha huajiriwa kuwahudumia watu wasiougua kwa Kiingereza. Napendekeza kwamba kila mwanafunzi wa uuguzi katika Bonde la Ufa ajifunze Kiswahili cha leba, pamoja na maneno hamsini tu ya lugha moja ya eneo atakalofanyia mazoezi: yanaumaje, tangu lini, pumua, pumzika, hongera. Wanafunzi wa isimu, badala ya kuandika tasnifu nyingine juu ya viambishi vilivyokwisha kuchambuliwa, waende vijijini kwa wanawake wazee na wakunga wa jadi, wayakusanye maneno hayo na tafsida zake, wawape wenzao wa uuguzi. Na walimu wa sekondari wawaeleze wasichana na wavulana kwamba ukunga ni kazi ya kusikiliza kabla haijawa kazi ya mikono.

Wahenga walisema kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hawakusema aujuaye ni mzalishaji. Basi tumrudishie mama kitenzi chake. Yeye ndiye anayejifungua. Sisi wengine wote, na elimu yetu na vyeti vyetu, ni wasaidizi wake.