Tuweke Akiba Lusahunga Kabla ya Mvua

Ndugu zangu wa Biharamulo na Ngara, wako miongoni mwetu wasemao kuwa mafuriko ni shida ya watu wa mabondeni, sisi wa njia panda ya Lusahunga hayatuhusu. Huko ni kujidanganya. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliikata reli ya kati, mbali kabisa na hapa, na wakimbizi wa Burundi waliokuwa kambini Ngara wakakingojea chakula kilichokwama njiani. Maji hayakuwalowesha miguu, ila njaa iliwafikia. Shehena hutoka bandarini kwa treni hadi Isaka, hupakiwa malorini, hupita Kahama na Nyakanazi, ndipo ifike Lusahunga na kushika njia ya Rusumo. Mwishoni mwa 2009 reli hiyo hiyo ilisombwa tena Kilosa, ikafungwa kwa miezi.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati kuanzia taifa hadi kijiji. Ni jambo jema. Lakini kamati isiyo na ghala itagawa nini siku ya siku, mihtasari ya vikao? Aprili 2024 Waziri Mkuu Majaliwa alilieleza Bunge kuwa mvua za msimu ule zimeua watu 155. Boti na helikopta huja baada ya msiba, nasi tunazungumzia siku za kabla yake.

Basi Halmashauri zetu mbili zikae pamoja, ziweke hapa njia panda mahindi, maharage, maturubai, dawa ya kutibu maji na dizeli. Lori likitoka Lusahunga laweza kukata kwenda Ngara au Biharamulo, kwa kutegemea njia ipi imepona.

Nasi wananchi tusijitoe. Chungulia mdomo wa kalvati la barabara ya kijijini: chupa za plastiki, mifuko ya salfeti, majani ya migomba, na udongo ulioshuka kutoka shamba lililolimwa hadi ukingoni mwa mtaro. Maji yakikosa njia chini hupanda juu, hula changarawe usiku kucha, na asubuhi lori limelala ubavu, mgonjwa wa nyuma yake hapiti. TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, italaumiwa, na pengine kwa haki. Ila salfeti ile hakuitupa mhandisi.

Vuli haiko mbali, na madiwani hukutana kila robo mwaka. Waulizwe kwenye kikao kijacho: magunia mangapi, yatakaa wapi, na ufunguo atashika nani.