Bahasha Ikaguliwe, Barua Iachwe

Nilipokuwa mwanafunzi wa bweni, kila barua iliyonifikia ilikuwa imekwisha kufunguliwa. Mwalimu wa zamu aliisoma, akaikunja upya, kisha akanikabidhi. Hatukulalamika, maana tuliyajua hayo, na kwa kuyajua tukajifunza kuandika barua zisizosema lolote. Mama yangu alipougua, nilipata habari nilipokwenda likizoni, kwa kuwa ndugu zangu hawakutaka mgeni aisome siri ya nyumba yetu.

Niliyakumbuka hayo majuzi hapa Makadara, ninakofundisha. Wakuu wa shule moja walikuwa wakijadili kununua kifaa cha kukagua kila kinachopita katika mtandao wa tarakilishi za shule, hata mawasiliano yaliyofungwa kwa maandishi ya siri. Hofu yao ina msingi: picha chafu, kamari, na karatasi za mitihani zinazouzwa gizani. Hata hivyo, dawa waliyoichagua ni kali kuliko maradhi.

Ndugu msomaji, yafaa tufahamu kwanza jinsi ukaguzi huo unavyofanyika. Ujumbe wa mtandaoni hukatwa vipande, na kila kipande husafiri mfano wa barua. Nje ya bahasha pana anwani. Ndani mna maneno yenyewe. Siku hizi maneno hayo aghalabu husimbwa, yaani hugeuzwa yasisomeke ila na mwenye ufunguo. Mkaguzi akisimama njiani huona anwani, ukubwa wa mzigo, saa ya safari, na mara nyingi jina la tovuti inayotembelewa. Hayo yanatosha kuzuia tovuti ya kamari bila kusoma neno lolote la ndani.

Akitaka kusoma ya ndani, hana budi kutumia hila. Huweka cheti chake katika kila tarakilishi, ili imwamini kwamba yeye ndiye tovuti inayotafutwa. Mwanafunzi huona alama ya kufuli, asijue kwamba barua imefunguliwa njiani, ikasomwa, ikafungwa tena. Na hila hiyo haibagui. Mwalimu akiingia katika akaunti yake ya benki kwa tarakilishi hiyo hiyo, nywila yake nayo inaweza kusomwa. Atakayekivamia kifaa hicho atakuwa amepata funguo za shule nzima.

Kazakhstan ilijaribu hila hiyo kwa raia wake mwezi Julai 2019, ikiwaagiza waweke cheti cha serikali katika vifaa vyao. Mwezi uliofuata, Google, Mozilla na Apple zilikizuia cheti hicho katika vivinjari vyao.

Hapa Kenya tuliona njia nyingine. Mwaka 2024, Mamlaka ya Mawasiliano ilizitaka kampuni za simu zifunge Telegram wakati wa mtihani wa KCSE, kwa hoja kwamba wadanganyifu walikuwa wakiitumia. Yaani, kwa ajili ya barua za wachache, barabara ikafungiwa wote. Wafanyabiashara na wasomaji wasio na hatia wakaadhibiwa pamoja na wezi. Nasi walimu twajua kwamba mtihani wa kweli ukivuja, chanzo ni mkono wa mtu mzima aliyeaminiwa kuulinda. Huyo ndiye wa kuandamwa.

Nitajibiwa kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Naam, lakini kulea si kupeleleza. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinamlinda kila mtu dhidi ya kuingiliwa kwa mawasiliano yake, na mtoto ni mtu. Nayo Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla data ya mtoto haijashughulikiwa, tena kwa namna inayolinda maslahi yake.

Tumfikirie msichana wa Viwandani, ambaye familia yake yote huishi katika chumba kimoja na kutumia simu moja. Akidhulumiwa na jamaa yake, ataulizia wapi la kufanya? Huenda tarakilishi ya shule ikawa ndiyo faragha yake pekee. Akijua kwamba inasomwa, atanyamaza, kama tulivyonyamaza sisi.

Kwa hivyo napendekeza hivi: tovuti mbaya zizuiwe kwa anwani zake; ibandikwe ukutani orodha ya yale yanayoonekana na nani anayaona; kumbukumbu zifutwe kila muhula unapokwisha; na mwalimu wa somo atembee kati ya madawati badala ya kukiachia kifaa kazi yake. Wanafunzi nao wafundishwe maana ya kufuli lile, na jinsi ya kutambua cheti cha kigeni.

Wakuu hao watakutana tena kabla ya muhula kufungwa. Nawasihi wazazi wa Makadara wahudhurie, na waulize swali moja tu: kifaa hiki kitasoma bahasha, au kitasoma barua?