Pistoni ya kusubu au ya kufua? Lugha itusaidie kuchagua

Mjadala kuhusu nafasi ya Kiswahili katika sayansi na ufundi umeendeshwa kwa miaka mingi kwa hoja za jumla mno. Wanaokipinga hudai kwamba hakina msamiati. Wanaokitetea huwajibu kwa fahari ya uzalendo. Ningependa tuutazame mjadala huo kupitia kitu kidogo kinachoenea kiganjani: pistoni ya injini ya mapigo mawili.

Injini hiyo, ambayo aghalabu oili yake huchanganywa na petroli, ingali inatumika katika misumeno ya kukatia miti, pampu za kunyunyizia dawa mashambani, pikipiki kuukuu na mashine za mashua za wavuvi. Pistoni yake inapoharibika, mnunuzi hukabiliwa na aina mbili, na majina ya aina hizo hutajwa kwa Kiingereza. Katika karakana moja ya hapa Mountain View, nilimsikia kijana aliyemaliza kidato cha nne akiikataa katakata mojawapo kwa kuidhania bandia. Kijana huyo hakuwa mjinga. Neno la Kiingereza alilotajiwa, lenye maana ya chuma kilichofuliwa, ndilo lile lile analolisoma katika habari za vyeti vya kughushi. Alilijua neno, alichokosa ni dhana.

Ilhali Kiswahili kina maneno mawili yasiyoweza kumpotosha mtu. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina katika kalibu mpaka yagande. Kufua ni kuyapiga au kuyashindilia kwa nguvu mpaka yachukue umbo. La kwanza lilitufikia kutoka Kiarabu, sawa na neno kalibu lenyewe. La pili ni la Kibantu, na nduguye katika Kikuyu ni gutura, kitenzi kilichozaa jina Muturi, yaani mfua vyuma. Walimu wa Kangemi na Kabete wanao akina Muturi tele madarasani.

Anayeyaelewa maneno haya amekwisha kupiga hatua ya kwanza katika fizikia ya pistoni. Aluminiamu iliyomiminwa huganda bila ya chembe zake kushindiliwa, na vijishimo vya hewa vyaweza kubaki ndani yake. Iliyofuliwa huwa imeshikamana zaidi, na chembe zake hufuata umbo la pistoni. Kwa sababu hiyo, ya kufua hustahimili mikiki zaidi, na ikizidiwa aghalabu hupinda kabla ya kuvunjika. Ya kusubu ikizidiwa huweza kupasuka, vipande vikaangukia ndani ya injini na kuleta hasara kubwa.

Je, basi kila mtu akanunue ya kufua? La hasha! Pistoni nyingi za kusubu huchanganywa na silikoni kwa wingi, na kwa hiyo hazitanuki sana zinapopata joto. Zaweza kukaa ndani ya silinda kwa mwanya mwembamba, unaopimwa kwa sehemu za mia za milimita. Nyingi za kufua hutanuka zaidi, huhitaji mwanya mpana zaidi, na hugongagonga injini ingali baridi. Mwenye haraka akiikimbiza injini kabla haijapata joto, pistoni yaweza kutanuka upesi kuliko silinda, ikakwama humo.

Katika injini ya mapigo mawili suala hili ni zito zaidi. Mafuta huwaka katika kila mzunguko, si katika kila mzunguko wa pili kama ilivyo katika injini ya mapigo manne. Pistoni haipati nafasi ya kupoa. Tena ubavu wake ndio mlango unaofungua na kufunga matundu ya silinda. Kwa kazi ya kawaida, ushauri wa busara ni kununua aina iliyowekwa na mtengenezaji, ambayo mara nyingi ni ya kusubu. Ya kufua inawafaa wa mashindano na wenye injini zilizoongezewa nguvu, almuradi mwanya upimwe na injini ipashwe moto kwanza.

Nimeyaeleza haya yote pasipo kukopa zaidi ya majina machache kama pistoni, silinda na silikoni. Sina ugomvi na mikopo hiyo. Mafundi wetu wa jua kali wameitohoa vyema. Ninachokipinga ni kukopa tulipokuwa na akiba. Kuna watakaosema kwamba mtihani wa fizikia huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, lakini mwanafunzi aliyeielewa dhana kwa lugha anayoimudu ataijibu kwa lugha yoyote, ilhali aliyekariri neno tupu hupotea siku anaposimama mbele ya kaunta ya duka la vipuri.

Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985. TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Sheria na kamusi tunazo. Kilichosalia ni kazi ya darasani.

Walimu wenzangu wa Kiswahili, insha ya maelezo si lazima iwe juu ya kupika chapati kila muhula. Wapelekeni wanafunzi karakanani, wamsikilize fundi, kisha waandike tofauti ya kusubu na kufua. Walimu wa fizikia nao wasione haya kuyatamka maneno hayo kabla ya yale ya kitabuni. Nanyi wanafunzi, mnapotajiwa neno msilolifahamu, ulizeni kitu hicho kimetengenezwaje. Jibu la swali hilo laweza kuiokoa injini ya mtu, pamoja na riziki inayotegemea injini hiyo.