Utafiti wa kutu nao uvuke mpaka

Mfanyabiashara anayepeleka mabati, misumari na majembe Mantapala anamjua mshindani mmoja asiyelipa ushuru: kutu. Makazi hayo ya wilaya ya Nchelenge, mkoani Luapula, yalifunguliwa Januari 2018 kuwapokea Wakongo waliokimbia mapigano, na bidhaa za chuma hufika huko baada ya safari ndefu. Mvua zikianza, bati lililokwaruzwa njiani hubadilika rangi na mteja hudai punguzo. Hasara ni ya muuzaji.

Mshindani huyo amechunguzwa kwa miaka mingi. Profesa Joseph Buchweishaija wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alijenga jina lake kitaaluma kwa kuchunguza jinsi chuma kinavyoliwa na namna ya kukikinga. Hilo ni eneo la kemia ya fizikia: chuma kikikutana na maji na hewa hupoteza elektroni, na kinachobaki ni ule unga mwekundu. Mwaka 2008, yeye na mwenzake Mhinzi walichapisha utafiti kuhusu utomvu wa mgunga, ambao ukiwa majini hujishikiza juu ya chuma na kupunguza kasi ya kuliwa kwake. Baadaye profesa huyo alifika hadi kuwa katibu mkuu katika wizara ya viwanda na biashara ya Tanzania.

Makala hiyo ilitoka katika jarida la Ureno. Kwa hiyo elimu ya mti wa Afrika ilifika Ulaya, wakati fundi wa boti wa Kashikishi hana njia ya kuipata.

Kosa si la wanasayansi. Mhadhiri hupanda hadi uprofesa zaidi kwa hesabu ya makala alizochapisha. Safari ya kwenda ufukweni mwa Mweru kumwonyesha fundi jambo lenye faida haimwongezei mengi. Anayelipwa kwa kilo hapakii manyoya.

Wapo watakaosema kazi ya profesa ni kugundua, na kueneza ni kazi ya wengine. Hoja hiyo ina uzito, lakini hao wengine ni nani? Kinachofanya kazi maabara hakina budi kujaribiwa kwanza katika maji ya Mweru, kwenye injini na mabati yenyewe. Mchuuzi hawezi kufanya jaribio hilo peke yake, na akikisia atapoteza mtaji.

Vyuo vikuu vya ukanda huu vinapaswa kubadili mizani. Jaribio lililofanywa sokoni pamoja na mafundi, likaandikwa kwa lugha wanayoielewa, lihesabiwe sawa na makala ya jarida wakati wa kupandisha vyeo. Chuo cha Tanzania kikifanya hivyo pamoja na cha Zambia au cha Kongo, alama ziongezwe.

Wafanyabiashara nao wasingoje. Vyama vyao hupeleka malalamiko ya ushuru kila mwaka. Vipeleke pia maswali ya kutu, ya dagaa wanaooza na ya mafuta yaliyochakachuliwa.

Dagaa wa Mweru huvuka mpaka wakiwa bado na harufu ya ziwa. Elimu iliyolipiwa na wananchi haistahili kukwama nyuma yao.