Barabara ya Potopoto Haishibi Mawe



Huku kwetu Mabalako, barabara ikishuka bondeni penye maji na mafunjo, pale pale palipotengenezwa mwaka jana pamebonyea tena. Wengine wanamlaumu kantonye kwamba ni mvivu. Wengine wanadai kamyo nyingine za mawe. Sisi tunasema: uzito wa mawe hayo ndio unaoizamisha barabara.

Udongo wa bonde ni kama sifongo iliyojaa maji. Ukiuwekea mzigo, maji yanakamuliwa polepole na udongo unashuka, kwa miezi, hata miaka. Penye majani yaliyooza, kushuka kunaendelea hata maji yakiisha kutoka. Kila kamyo ya mawe inayomwagwa hapo ni mzigo mpya, na kushuka kunaanza upya.

Dawa inajulikana. Udongo laini ukiwa si wa kina, uondolewe wote, utiwe mgumu. Ukiwa wa kina kirefu, tuta liinuliwe kidogo kidogo, liwekewe mzigo kupita ule wa barabara yenyewe, halafu lingojewe. Mzigo wa ziada uondolewe baadaye. Mitaro nayo isizibwe. Bonde likishindikana, barabara ipite juu: kule Uganda, barabara kuu ya Kampala–Entebbe, iliyofunguliwa mwaka 2018, inavuka bonde la Nambigirwa kwa daraja la karibu kilomita moja na nusu.

Lakini dereva, angalia: daraja lenye nguzo halishuki, tuta linaloligusa ndilo linaloshuka. Hapo panakuwa kama ngazi. Punguza mwendo, na mtu asipande juu ya mzigo.

Jambo hili ni la uhai. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilipotangazwa Mangina, katika zoni ya afya ya Mabalako, waganga na chanjo walihitaji barabara. Na mama mwenye uchungu wa kuzaa hawezi kungoja kamyo iliyokwama itolewe.

Kwa hiyo tunaomba mashefu wa shantie wasifungue barabara ya bondeni kwa haraka. Wekeni alama kando, penye udongo mgumu, mpime kila mwezi tuta limeshuka kiasi gani, na muandike. Kipimo kikitulia, ndipo mtandaze changarawe. Nasi wafanyakazi tukubali kuzunguka njia ndefu kwa muda huo. Haraka haraka haina baraka.