Kasanga si Ngome, ni Boma

Kwa miaka mingi meli ya Liemba, ikitoka Kigoma kwenda kusini mwa Ziwa Tanganyika, ilitia nanga Kasanga kabla ya kuvuka kuingia Zambia. Hapo Kasanga, juu ya rasi, yamesalia magofu ya kituo cha kijeshi cha Wajerumani kilichoitwa Bismarckburg, ambacho Waingereza walikitwaa mwaka 1916. Baadhi ya watunzi wetu huyaita magofu hayo ngome. Mimi napinga.

Sipingi kwa hoja ya kamusi, maana ngome ni jengo imara la kujihami, na kituo kile kilikuwa hivyo. Lakini neno lina mazoea yake. Tunasema ngome ya timu, tukiwataja walinzi wake. Tunasema ngome ya chama, tukitaja mahali kinapopendwa. Ngome ni neno la aliye ndani, anayelindwa. Wazee wetu wa mwambao wa ziwa hawakuwa ndani. Walisimama nje, wakiitwa kulipa kodi, kubeba mizigo na kusikiliza hukumu.

Neno lililobaki vinywani mwa watu ni boma. Boma ni ua wa miti au miiba unaozungushiwa mji au mifugo. Wajerumani walipojenga vituo vyao, neno likahamia kwenye kuta zao, Waingereza wakalirithi, na Uhuru ukalikuta likimaanisha ofisi ya serikali. Hata leo wachumba hufunga ndoa ya bomani bila kuukumbuka ukuta wenye bunduki.

Neno gereza nalo lina safari kama hiyo. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likawa jina la jengo la kujihami la Kilwa Kisiwani, na sasa ni mahali pa wafungwa. Maneno haya yametunza kumbukumbu ambayo mawe yanaendelea kuipoteza.

Mtunzi asijitetee kwa arudhi. Ngome ina mizani mbili, boma lina mizani mbili. Na kina cha "ma" hakina uhaba: koma, choma, soma, homa.

Basi atakayeitungia Kasanga na aandike boma, ili msomaji ajue nani alikaa ndani na nani alisimamishwa mlangoni.